Tushi za mwangaza zimekataa ku Linux: mwongozo kamili wa kuzirudisha, hatua kwa hatua

Hapa Goma mashini nyingi tunazotumia ni okazio. Mutu anainunua Birere, anatosha Windows anaweka Linux Mint ao Ubuntu, kila kitu kinakubali, wifi, sauti, kamera, lakini akifinya ile tushi yenye picha ya jua ekra haibadilike hata kidogo. Inabakia mia kwa mia. Mchana unaweza kuvumilia, lakini usiku kurani ikienda njo unaona shida yenyewe, ju ekra yenye kuwaka mia kwa mia ni moja ya vitu vinavyokula batri zaidi, na weye uko na travai ya chuo ya kumaliza.

Watu wanaoniletea hii shida karibu wote wamefanya kitu kimoja: wameingia ku intaneti, wakaona mustari fulani wenye kuanza na acpi_osi, wakafanya kopie-kole bila kujua unafanya nini, mashini ikawaka na ekra nyeusi. Kiisha wanasema Linux ni mbaya, wanarudia Windows. Inaniuma sana, ju shida hii mara nyingi inaisha mu saa moja kama unaifuata kwa mupango.

Mupango wenyewe ni huu. Kuna vitu viwili tofauti: taa ya ekra, na tushi yenye kuiamuru. Ni kama lampe ya nyumba na enteruptere yake, chumba kikiwa giza unaangalia kwanza ni kipi kimekufa mbele ya kuanza kuvuta waya mupya. Basi tutajua kwanza taa inasikia amri, kiisha tutajua tushi inafikisha amri, na tutatengeneza tu fasi yenye iko mbaya.

## Vitu vya kutayarisha

- Mashini yenye batri imejaa, ao iko ku sharjeri. Tutagusa fishie ya kuwashia mashini, kurani isikatike katikati.
- Mo de pasi yako ya sudo, ile Linux inauliza mbele ya kukuachia kubadilisha vitu vya sisteme. Kama mutu mwingine ndiye alikuanstalia Linux, mwulize sasa, usingoje ufike hatua ya tatu.
- Mega kidogo tu. Kama wifi haiko, unganisha telefone kwa kabo ya USB na uwashe partaje ya koneksio, Linux inaiona yenyewe bila kuanstale kitu.
- Ile kle ya USB uliyoanstalia nayo Linux, kwa siku mambo yakiharibika.
- Telefone ya kusomea huu mwongozo, ju kuna wakati mashini itakuwa imezimwa.
- Biki na karatasi. Utaandika majina na namba, usitegemee kichwa.

Fungula terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na uanstale programu tatu ndogo. Ku Mint, Ubuntu na Debian:

```
sudo apt update
sudo apt install brightnessctl libinput-tools evtest
```

Ku Fedora ni `sudo dnf install brightnessctl libinput-utils evtest`. Mifano yote yenye kufuata ni ya Mint na Ubuntu, fasi Fedora inatofautiana nitasema.

## Mbele ya kuanza: njia mbili za uongo

Watu watakuambia utumie `xrandr --output eDP-1 --brightness 0.5`. Ekra itaonekana giza kweli, lakini taa ya nyuma iko inawaka vilevile mia kwa mia, ni rangi tu ndizo zimepakwa weusi. Batri haipate faida hata moja, na ku Wayland, namna mupya ya Linux kuonyesha madirisha, haifanye kazi kabisa. Kama unatafuta kulinda batri, achana nayo.

Ya pili ni `xbacklight`. Ku mashini nyingi za leo inajibu "No outputs have backlight property" na watu wanafikiri ekra yao imekufa. Ekra ni nzima, ile programu ndiyo inatafuta kitu fasi yenye hakiko. Tutatumia brightnessctl.

## Hatua ya 1: Maliza kwanza vitu vya bure

Angalia vizuri picha yenye iko ku tushi. Jua ndogo ni kupunguza, jua kubwa ni kuongeza. Kuna mashini ziko na tushi ingine ya taa ya klavie yenyewe, picha yake inafanana, na watu wanazichanganya.

Finya ile tushi peke yake, kiisha uifinye pamoja na Fn. Kuna mashini tushi za juu zinafanya kwanza kazi ya picha, zingine zinafanya kwanza F1, F2, F3. Ku Lenovo nyingi Fn pamoja na Esc inageuza hiyo tabia. Ku HP na Dell mara nyingi inageuzwa mu BIOS, ile programu ya mashini yenyewe yenye kuamka mbele ya Linux, fasi wanaongelea Action Keys ao Fn Lock.

Kama uko unatumia ekra ya inje, ile ya ku meza, tushi za laptopu haziigusi, yeye iko na butoni zake.

Imefaulu kama: ekra imebadilika. Basi umemaliza, usisome zaidi, enda ufanye kazi yako.

## Hatua ya 2: Taa inasikia amri?

Hii njo hatua watu wanaruka, na njo yenye kuamua kila kitu. Andika:

```
ls /sys/class/backlight
```

Linux inaweka pale kila kitu inachoona kama taa ya ekra. Jibu linaweza kuwa `intel_backlight` kwa mashini za Intel, `amdgpu_bl0` ao `amdgpu_bl1` kwa AMD, `radeon_bl0` kwa AMD za zamani, `nvidia_0` ao `nv_backlight` kwa Nvidia, ao `acpi_video0`. Andika jina ku karatasi. Kama ni mawili, andika yote. Kama hakuna kitu kimetoka, andika "tupu".

Kama jina liko, tujaribu taa. Fasi yenye nimeandika intel_backlight weye weka jina lako:

```
brightnessctl -d intel_backlight set 40%; sleep 5; brightnessctl -d intel_backlight set 100%
```

Iandike yote ku mustari moja vile iko. Sababu: kama ekra inaingia giza kabisa, kiisha sekonde tano inarudi yenyewe, haina haja ya kuandika kitu bila kuona. Na usiweke sifuri hata siku moja ku majaribio, ju kuna mashini zenye sifuri inazima taa kabisa, mutu anafikiri ameunguza ekra anakimbia kwa fundi na anamulipa bure.

Kama inakataa kwa ajili ya ruhusa, weka `sudo` mbele ya kila brightnessctl.

Wale wanaopenda kufanya kwa mkono wanaandikaka `sudo echo 300 > /sys/class/backlight/...` na wanapata "Permission non accordée" hata na sudo. Sababu ni kwamba sudo inashika echo tu, ile alama ya > inafanywa na terminali yako yenye haina ruhusa. Inaandikwa hivi:

```
cat /sys/class/backlight/intel_backlight/max_brightness
echo 300 | sudo tee /sys/class/backlight/intel_backlight/brightness
```

Soma kwanza max_brightness, ju 300 ya mashini yangu haiko 300 ya yako. Ku intel_backlight mwisho unaweza kuwa mu maelfu, ku acpi_video0 mara nyingi ni namba ndogo tu, na ukipitisha mwisho inakataa.

Sasa soma jibu lako:

- Ekra imepungua na imerudi. Taa ni nzima. Ruka hatua ya 3 na ya 4, enda moja kwa moja ku ya 5. Usiguse GRUB kabisa, ile programu ndogo yenye kuwasha Linux.
- Folda ni tupu. Linux haioni taa. Hatua ya 3.
- Namba inabadilika lakini ekra haibadilike. Linux inaamuru taa isiyo yenyewe. Pitia ya 3 haraka, kiisha ya 4.
- Majina ni mawili, moja linafanya kazi, lingine hapana. Tushi zako ziko zinaamuru lile baya. Hatua ya 4.

## Hatua ya 3: Tafuta nomodeset

Andika:

```
cat /proc/cmdline
```

Ule mustari ni maneno mashini iliwaka nayo. Tafuta neno `nomodeset`. Kama liko, kuna bahati kubwa umepata mchawi.

Linaingiaka namna gani? Siku ya kuanstale, ekra ilikuwa nyeusi, mutu akachagua "compatibility mode" ku menyu ya Mint, ao akaandika nomodeset kwa mkono. Ilisaidia siku ile. Lakini hilo neno linakataza Linux kutumia drivere ya kweli ya karte grafike, na drivere hiyo njo yenye inashika taa ya ekra. Bila drivere hakuna taa ya kuamuru, njo maana folda ilikuwa tupu. Hata video zitakuwa zinakwama-kwama.

Tafuta tena mabaki ya majaribio ya zamani: `acpi_osi=`, `acpi_backlight=`, `video.use_native_backlight`. Kama wewe ao fundi mliweka vile, vyote vitatoka, ju hauwezi kujua dawa gani inaponya kama mgonjwa amekunywa tatu pamoja.

Onyo kwa wenye Nvidia: usitoshe nomodeset mbele ya kuanstale drivere. Ingia ku Gestionnaire de pilotes, chagua yenye imeandikwa kwamba inapendekezwa, ngoja imalize, kiisha njo utoshe neno.

Sasa kopi ya usalama, kiisha fungula fishie:

```
sudo cp /etc/default/grub /etc/default/grub.zamani
sudo nano /etc/default/grub
```

Tafuta mustari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`. Ukimaliza kusafisha ubakie hivi:

```
GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet splash"
```

Angalia zile alama mbili za kufungua na kufunga maneno, zote mbili zibakie. Ctrl na O, Enter, kiisha Ctrl na X. Alafu:

```
sudo update-grub
```

Watu wanasahau huu mustari wa mwisho, wanaredemare mara na mara na hakuna kinachobadilika. Fishie uliyoandika ni maombi tu, update-grub ndiyo inaandika yenye kutumika kweli.

Redemare, kiisha uangalie drivere:

```
lspci -k | grep -A3 -iE "vga|3d|display"
```

Imefaulu kama: unaona "Kernel driver in use" ikifuatwa na i915, amdgpu, radeon, nouveau ao nvidia, na `ls /sys/class/backlight` haiko tupu tena. Rudia jaribio la hatua ya 2.

Bado tupu na mashini yako ni ya miaka hii ya karibu? Angalia `uname -r`, inaonyesha namba ya kerneli, yaani moyo wa Linux. Kerneli 6.1, yenye ilitoka mwezi wa 12 mwaka 2022, ilibadilisha sana namna Linux inachagua taa ya ekra, ili ibakize moja yenye kufaa pahali pa kuonyesha mbili tatu. Kama uko chini ya pale, fungula Gestionnaire de mises à jour ya Mint, ingia fasi ya kerneli na uchukue mupya. Hii inakula mega kabisa, ifanyie fasi yenye koneksio ya bure ao ya wifi nzuri. Kerneli ya zamani itabakia ku menyu ya GRUB, mu Options avancées, kama mupya inakusumbua unarudia pale.

## Hatua ya 4: Jaribu acpi_backlight bila kuiandika fasi yoyote

Sasa, kama taa iko lakini haisikii, ao ziko mbili, tunaambia Linux ni njia gani ishike. Lakini tunaijaribu mara moja tu, ku menyu ya GRUB, bila kuandika ku diski. Ukiharibu unazima na kuwasha, kila kitu kimerudi. Wale wote walionijia na ekra nyeusi waliandika moja kwa moja mu fishie.

Washa mashini na ufinye Esc mara moja moja, ao ku mashini za zamani shikilia Shift, mpaka menyu ya GRUB itoke. Kama umefinya Esc kupita kiasi utaanguka ku mustari wenye `grub>`. Usiogope, andika `reboot`, Enter, unaanza tena.

Ku menyu, simama ku mustari wa kwanza na ufinye `e`. Shuka mpaka mustari wenye kuanza na neno `linux`. Enda ku mwisho wake kwa tushi End, acha nafasi moja, uandike:

```
acpi_backlight=native
```

Hapa njo klavie yetu ya AZERTY inaua watu. GRUB, kama haujaibadilisha, inafikiri kila klavie ni QWERTY ya Wamarekani. Ukifinya A inaandika q, na mutu haoni kosa lake, anaendelea, mashini inawaka bila kusikia lile neno, anasema native haifanye kazi. Ku AZERTY finya hivi:

- kwa kupata a, finya Q
- kwa kupata _, shika Shift pamoja na tushi ya pili kushoto ya Backspace, yenye ku AZERTY ya Wafaransa ni ile ya )
- kwa kupata =, tushi ya kwanza kabisa kushoto ya Backspace
- kwa kupata m, ile yenye koma, kama siku ingine utaihitaji

Herufi zingine za hilo neno, c p i b k l g h t n v e o d r, ziko fasi yao ya kawaida. Usiangalie plastiki, angalia ekra. Na kama okazio yako ilitoka Ujerumani na klavie ya QWERTZ, ile kanuni ya "kushoto ya Backspace" inakusaidia vilevile, lakini a iko fasi yake.

Soma mustari mara mbili, kiisha finya F10 ao Ctrl na X. Mashini inawaka.

Jaribu sasa tushi. Jaribu tena amri ya hatua ya 2. Kama haikubali, zima, rudia, na pahali pa native weka `video`, na mwisho `vendor`. Moja kwa mara moja, usiziweke pamoja.

Maana yake ni hii: native inaambia Linux itumie drivere ya karte grafike yenyewe, na ku mashini za leo njo yenye kufaulu mara nyingi. Video inatumia njia ya BIOS kupitia ACPI, inafaa zaidi mashini za zamani kidogo. Vendor inaachia drivere ya fabrika, mfano ya Asus, Dell ao ThinkPad, na ni ya mashini za zamani zaidi.

Na ile acpi_osi yenye kila mutu anakuonyesha? Inadanganya BIOS kuhusu sisteme yenye kuiongoza, na BIOS ikidanganywa inaweza kubadilisha mambo mengine pia, ventilatere, kulala kwa mashini, toshpadi. Mimi naiacha mbali kabisa mpaka zile tatu zimekataa zote, na hata hapo unaijaribu ku GRUB kwanza, si mu fishie.

Ukipata neno lenye kufaulu, sasa liandike kwa kudumu. Rudia `sudo nano /etc/default/grub` na ufanye:

```
GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet splash acpi_backlight=native"
```

kiisha `sudo update-grub` na uredemare. Ku Fedora hauguse fishie, unaandika mustari moja tu:

```
sudo grubby --update-kernel=ALL --args="acpi_backlight=native"
```

Imefaulu kama: `cat /proc/cmdline` inaonyesha neno lako, na brightnessctl inasogeza taa kweli. Mara nyingi tushi nazo zinakubali palepale na umemaliza. Kama taa inasikia lakini tushi bado, endelea.

## Hatua ya 5: Tushi inafikisha amri?

```
sudo libinput debug-events --show-keycodes
```

Finya tushi ya kupunguza, kiisha ya kuongeza, na Fn kama iko lazima. Nachagua hii amri ju inasikiliza vifaa vyote kwa pamoja. Tushi za mwangaza hazitoke kila mara ku klavie, kuna mashini zinatokea ku kifaa kinachoitwa Video Bus, zingine ku kimoja chenye jina la WMI hotkeys, na mutu akisikiliza klavie peke yake anasema tushi imekufa na haikufa.

Ukimaliza, Ctrl na C. Majibu ni matatu:

- Umeona KEY_BRIGHTNESSDOWN (224) na KEY_BRIGHTNESSUP (225). Tushi ni nzima, amri inafika, ni biro yako (Cinnamon, Gnome, Xfce ao ingine yenye unatumia) ndiyo haisikii. Hatua ya 6.
- Umeona KEY_UNKNOWN, ao jina la kitu kingine kabisa. Hatua ya 7.
- Hakuna kitu. Andika `sudo dmesg -w` na ufinye tena. Kama inatoka "Unknown key pressed", hatua ya 7. Kama hata pale ni kimya, rudia hatua ya 1 uangalie Fn na BIOS vizuri, na kama hapo hakuna kosa, ruka mpaka hatua ya 6 ujipe tushi zingine.

## Hatua ya 6: Kufundisha biro

Gnome na Cinnamon zinajua tushi 224 na 225 zenyewe, hauandike kitu. Ku Xfce, fungula gestionnaire d'alimentation, kuna kijisanduku cha kumruhusu ashike tushi za mwangaza, weka alama.

Ku i3 ao Sway hakuna mutu anakufanyia, unaandika mu fishie ya konfigi:

```
bindsym XF86MonBrightnessUp exec brightnessctl set 5%+
bindsym XF86MonBrightnessDown exec brightnessctl --min-value=20 set 5%-
```

Ile min-value inazuia taa kushuka mpaka giza kabisa. 20 ni ya mfano, chagua kufuatana na max_brightness yako, kama mwisho wako ni 100 basi 5 inatosha.

Na kama tushi zako zilikataa kabisa, usikate tamaa, unajipa zingine. Fungula Paramètres, ingia ku Clavier, kiisha ku Raccourcis, tengeneza raccourci ya kwako yenye amri `brightnessctl set 5%+`, uipe Super na F6. Ingine `brightnessctl --min-value=20 set 5%-`, uipe Super na F5. Usichague Ctrl, Alt na mishale, ju Cinnamon inaitumia kubadilisha biro na zitagombana.

Kama brightnessctl ilikuwa inaomba sudo mu hatua ya 2, raccourci haitafanya kazi, ju hakuna fasi ya kuandikia mo de pasi. Jiingize mu kundi la video:

```
sudo usermod -aG video $USER
```

Kiisha toka mu sesio na uingie tena, ao redemare tu. Bila kutoka kundi haijulikane. Na chunga ile `-a`, ukiisahau unatoshwa mu makundi mengine yote, hata ile ya sudo, na hapo njo utatafuta ile kle ya USB niliyosema ku mwanzo.

Imefaulu kama: kila ukifinya, ekra inapanda ao kushuka hatua moja, hata ukifungua programu zingine.

## Hatua ya 7: Tushi isiyojulikana unaipa jina

Andika `sudo evtest`, chagua namba ya "AT Translated Set 2 keyboard", kiisha finya tushi. Tafuta mustari wenye MSC_SCAN, ku mwisho kuna value. Tuseme ni `ab` kwa kupunguza na `ac` kwa kuongeza, weye utaandika zako.

```
sudo nano /etc/udev/hwdb.d/90-mwangaza.hwdb
```

Ndani yake:

```
evdev:atkbd:dmi:*
 KEYBOARD_KEY_ab=brightnessdown
 KEYBOARD_KEY_ac=brightnessup
```

Mistari miwili ya chini inaanza na nafasi moja tupu. Bila hiyo nafasi haisomwi. Herufi zote za ab na brightness ni ndogo. Kiisha:

```
sudo systemd-hwdb update
sudo udevadm trigger
```

Imefaulu kama: ukirudia hatua ya 5 unaona 224 na 225. Ikiwa tushi zako hazitokee ku ile "AT Translated", hii dawa haiko yake, tumia raccourci ya hatua ya 6.

## Hakikisha itadumu

Punguza mwangaza mpaka nusu, redemare. Systemd inakumbuka kiasi ulichoacha na inakirudisha, basi mashini iwake na ile nusu. Kiisha funga kifuniko ilale dakika moja, uifungue, ujaribu tushi. Kuna mashini zinakubali vizuri mpaka zilale, zikiamka tushi zimesahau, na ni vizuri kulijua leo uko nyumbani.

## Kama yote yamekataa

Usiandike tu "tushi zangu hazifanye kazi munisaidie", hakuna mutu anaweza kukujibu. Tengeneza fishie moja:

```
(uname -r; cat /proc/cmdline; ls -l /sys/class/backlight; lspci -k) > ripoti.txt
```

Itatokea mu folda yako ya nyumbani. Ongeza modeli kamili ya mashini, ile ya ku etiketi ya chini, na useme ulisimama hatua gani na jibu gani ulipata pale. Ukituma hivyo kwa mutu anayejua Linux, hata kwa WhatsApp, ataona palepale kama ni drivere, ni BIOS ya zamani, ao ni tushi yenyewe.